Dawa ya kutanua mboni: tuambieni kwanza, ndipo mtudondoshee!

Kimya changu kilikuwa cha majaribio ya katikati ya semista. Nimerudi, na leo sina stori za kantini wala za boom kuchelewa. Leo nina ugomvi. Ugomvi wenyewe ni na watoa huduma ya macho wanaomdondoshea mtu dawa ya kutanua mboni bila kumwambia neno, halafu asiporudi wanamwita mgonjwa mbishi.

Kwa asiyeijua dawa hii: mboni ni lile tundu jeusi katikati ya jicho. Daktari anataka kuiona retina, utando ulio kule nyuma. Tundu likiwa dogo ni sawa na kuchungulia chumba kwenye tundu la ufunguo, unaona kitanda lakini humwoni aliyejibanza nyuma ya mlango. Basi dawa inalifungua tundu. Na dawa hizi si moja. Tropikamaidi huanza kazi ndani ya dakika 20 hadi 30 na mara nyingi huisha baada ya muda wa saa 4 hadi 6. Saiklopentoleti inaweza kukaa na wewe siku nzima. Atropini ndiyo kiboko, mboni inaweza kubaki wazi wiki moja mpaka mbili. Sasa niambieni, mtu atajipangaje kama hata jina la dawa hajaambiwa?

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki moja hapa mjini (jina nalihifadhi). Akaja dada na kichupa. "Tazama juu." Tone. "Huku." Tone. Nikamuuliza dada, hii ni dawa gani? Akajibu: "Ya macho." Basi! Baada ya nusu saa akanimulika, akaguna, "Macho yako makaidi", akaongeza tone. Jamani, si ukaidi. Macho yenye rangi nyeusi huchelewa kutanuka kwa sababu ile rangi inaishika dawa. Ndiyo macho tuliyonayo karibu wote kwenye lile benchi!

Kilichonimaliza ni karatasi ya maelekezo. Ipo, tena nzuri tu, ila imeandikwa kwa Kiingereza, herufi kama mchwa, na unapewa BAADA ya dawa. Dawa yenyewe inalegeza msuli unaotusaidia kuona karibu. Nikaishika kwa urefu wa mkono, nikaisogeza, nikairudisha, wapi! Nje jua la saa saba mchana, daladala nimeipanda kwa sauti ya konda. Na kijana niliyekaa naye benchi alikuja na pikipiki yake. Nilimwona amekinga kiganja juu ya paji la uso kama anautafuta mwezi wa Ramadhani, kisha akaiwasha akaondoka.

Nikilalamika naambiwa foleni ni ndefu, wahudumu wachache, nani ana muda wa hotuba. Mimi sidai hotuba. "Hii itakufungua mboni, mpaka jioni utaona ukungu na mwanga utakuumiza, usiendeshe chombo, umekuja na nani?" Nimepima kwa saa ya simu, haifiki sekunde 15. Na dawa inasubiriwa nusu saa nzima! Wengine wanasema mgonjwa akielezwa ataogopa. Haya, ataogopa wapi zaidi, kwenye benchi akiwa na nesi pembeni, au kituoni peke yake akidhani amepofuka?

Kabla ya tone kuna maswali ambayo si ya adabu tu, ni ya usalama. Una presha ya damu au moyo? Maana fenilefrini, hasa ile kali ya asilimia 10, inaweza kuipandisha presha ya mwili. Dawa hii ilishakudhuru huko nyuma? Una mimba, unanyonyesha? Umevaa lenzi? Zitolewe kwanza. Umewahi kuambiwa kona za macho yako ni nyembamba? Maji ya ndani ya jicho yana kona yanakotokea, na kwa watu wachache kona hiyo imebana. Mboni ikitanuka inaweza kuziba na presha ya jicho ikapanda ghafla. Hili ni nadra, na wagonjwa wengi wa presha ya macho hutanuliwa mboni bila shida. Lakini kwa sababu ni nadra ndiyo mtu aambiwe dalili zake: jicho kuuma sana, kuwa jekundu, kuona duara za rangi kwenye taa, kichwa, kutapika. Hapo hungoji asubuhi. Unarudi hospitali usiku huohuo.

Na sisi wanachuo tusijifanye malaika. Huku mabwenini kuna vichupa vya dawa za macho vinazunguka chumba hadi chumba kama pasi ya umeme. Mtu amekesha, macho mekundu, anaazima tone. La nani? Kichupa cha lini? Watengenezaji wengi huzipa dawa za kutanua mboni kifuniko chekundu, lakini usiamini rangi, soma jina. Vichupa vingi vikishafunguliwa ni wiki 4 tu, halafu jalalani. Na wale mnaopewa atropini ya mdogo wenu nyumbani: mtoto akiinywa ni sumu. Ifungie kabatini. Ukimwekea, nawa mikono, tone moja ndani ya kope la chini, ncha isiguse jicho, kisha bonyeza taratibu ile kona ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isiteremke kooni na kuingia mwilini. Akipata homa, akawa mwekundu, mdomo mkavu, akaanza kuweweseka, acha dawa mkimbize kwa daktari.

Kwa nini nimelivalia njuga jambo la matone? Kwa sababu ya mama mdogo. Ana kisukari. Kisukari huharibu retina kimyakimya, mtu anaona vizuri kabisa huku mishipa inavuja, ndiyo maana wanatakiwa kukaguliwa kila mwaka bila kungoja dalili. Mara ya kwanza alidondoshewa bila maelezo, akatoka peke yake, akavuka barabara kwa kushikwa mkono na muuza maji. Tangu siku hiyo, miaka 3 sasa, hataki kusikia. "Wale waliniharibu macho, mwanangu." Hakuna aliyemharibu. Ila hakuna aliyemwambia.

Nimembembeleza wiki nzima, amekubali Alhamisi. Kapelo ninayo, miwani ya jua nimeazima kwa jamaa wa chumba cha pili, lekcha ya saa nne nitaikosa. Na dada yule akija na kichupa chake, jina la dawa atalitaja kwanza, foleni isogee isisogee.