Mama na Nyumba ya Kupangisha: Tuanze na Vyumba Viwili



Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo akina mama wa Buhemba na vijiji vya jirani hutuuliza mara kwa mara, iwe kliniki baada ya watoto kupimwa uzito, iwe nje ya kanisa baada ya ibada. Je, mama mwenye akiba ndogo ya kikundi aweza kujenga nyumba ya kupangisha? Jibu letu ni kwamba aweza. Lakini yako mambo ya kupima kabla hajanunua hata tofali moja.

Hatusemi juu ya maghorofa ya Dar es Salaam. Twasema nyumba ile tuijuayo sote: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani kuna jiko, bafu na choo. Nyumba ya namna hii imetunza wajane na kusomesha watoto katika miji mingi ya nchi yetu. Uzuri wake ni kwamba yaweza kujengwa kidogo kidogo. Vyumba viwili vikishapata bati, mlango na choo, tayari vyaweza kupangishwa huku vingine vikisubiri.

Ni nani atakayepanga?

Hili ndilo swali la kwanza, nalo Buhemba yenyewe yatufundisha. Dhahabu ilichimbwa hapa enzi za mkoloni, baadaye mgodi ukafungwa. Ukafunguliwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, nao ukafungwa kabla muongo ule haujaisha. Wachimbaji wadogo nao huja na kuondoka. Leo wamejaa, kesho wakisikia rashi imetokea kwingine, wanafunga mizigo usiku na vyumba vinabaki na buibui.

Kwa hiyo, mama mwenzetu, usipange hesabu zako kwa kodi ya wakati dhahabu inatoka. Jiulize: duara zikikauka, ni nani atabaki hapa, naye aweza kulipa kiasi gani? Watabaki walimu, wauguzi, wenye maduka, mafundi cherehani na wauza mboga. Hawa hulipa kidogo, lakini hukaa. Kama nyumba yaweza kujilipa kwa kodi yao, jenga. Kama yajilipa kwa kodi ya mchimbaji peke yake, ngoja.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano tu, maana bei hubadilika na kila mahali pana bei yake. Tuseme nyumba ya vyumba sita imegharimu shilingi 18,000,000, na kila chumba ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 2,160,000. Wengi huishia hapo wakafurahi. Lakini hakuna nyumba inayojaa mwaka mzima. Tuseme kila chumba kinakaa kitupu miezi miwili: tumepoteza 360,000. Tuweke tena 300,000 za kuziba bati, kubadili kitasa, kupaka chokaa na kunyonya choo. Inabaki 1,500,000. Basi nyumba itarudisha fedha zake baada ya miaka 12.

Miaka 12 si mibaya, kwa sababu nyumba iliyojengwa vizuri huishi zaidi ya hapo, na mtoto aliye darasa la kwanza leo atakuwa amemaliza sekondari. Ila hesabu hii yatuonya juu ya mkopo. Ukikopa shilingi 6,000,000 za kujengea vyumba viwili, ukatakiwa kurudisha kwa miaka miwili, kila mwezi utalipa 250,000 kabla hata ya riba. Vyumba vyako viwili vinaleta 60,000. Hata vyote sita vingekuwepo vimejaa, vingeleta 180,000 tu. Nyumba ni mti wa mwembe: huzaa miaka mingi, lakini haiwezi kulipa deni la mchicha. Hivyo tunashauri akiba, vikoba na mafungu ya kuku na mahindi vitangulie. Mkopo mfupi tusiuchukue kwa kutegemea kodi ya vyumba vyenyewe. Bwana Yesu naye alisema juu ya mtu ajengaye mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu gharama.

Kiwanja na jina

Katika eneo la machimbo kiwanja kina maswali mawili zaidi. Kwanza, je, kipo ndani ya leseni ya mtu ya uchimbaji? Madini ni mali ya taifa hata kama shamba ni lako, hivyo uliza ofisi ya madini ya mkoa kabla ya kulipa. Pili, je, chini yake pamechimbwa? Wazee wa kijiji wanajua duara za zamani zilipo. Wasikilize, maana nyumba juu ya shimo ni kaburi linalosubiri. Na kama ni ardhi ya kijiji, mauzo yapite kwenye Halmashauri ya Kijiji, mke wa muuzaji awepo na atie sahihi, na nakala ya muhtasari uitunze wewe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitamka nyumbani. Mama anauza maandazi miaka kumi, anatoa fedha, anajenga vyumba kwenye kiwanja cha ukoo wa mume. Siku baba akifariki, shemeji wanakuja na maneno haya: ardhi ni ya kwetu. Sisi tunaohudumia wajane tumeyasikia maneno hayo kabla arobaini haijafika.

Sheria za Ardhi za mwaka 1999, Na. 4 na Na. 5, zimempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mali ikiandikwa kwa jina la mmoja, huchukuliwa kuwa ni yake huyo mpaka ithibitishwe vingine; ikiandikwa kwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa haki zao ni sawa. Tena mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini kesi ni safari ndefu, na mjane hana nauli. Kuandika majina mawili kwenye hati ya kimila au hati ya kiwanja ni kazi nyepesi kuliko kesi.

Jinsi ya kumwambia baba? Mwambie kwa upole, mkiwa na amani, wala usimwambie siku ya ugomvi. Mwambie kwamba majina mawili hayamwondolei yeye kitu, bali yanawalinda watoto wake siku ambayo hatakuwepo. Kisha muandike wosia wenye mashahidi. Wosia haumwiti mauti, akina mama. Humzuia mnyang'anyi.

Afya ya wapangaji

Kwa kuwa sisi ni wauguzi, hatuwezi kuacha hili. Kila chumba kiwe na dirisha kubwa lenye wavu, na matundu ya hewa juu ya ukuta. Wachimbaji huvuta vumbi la mawe linalodhoofisha mapafu, na kifua kikuu hupenda chumba chenye giza na kilichojaa watu. Jenga jiko uani, ili mpangaji asilale na jiko la mkaa ndani. Moshi wake usioonekana huua familia nzima usingizini. Choo kikae walau mita 30 kutoka kisima, tena upande wa chini wa mteremko. Na katika mkataba andika wazi: hairuhusiwi kuchoma zebaki nyumbani wala kuleta marudio uani. Mvuke wa zebaki huharibu ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni.

Mkataba uwe wa maandishi hata kama mpangaji ni ndugu wa kanisani. Kodi ya miezi sita ukiipokea kwa mkupuo, igawe siku hiyo hiyo, fungu la matengenezo likae pembeni. Stakabadhi itolewe kila mara.

Basi, mama, kabla ya kuagiza matofali, fanya mambo matatu mwezi huu: tembelea wenye vyumba watano uulize vimekaa vitupu miezi mingapi mwaka jana, omba kuona muhtasari wa kiwanja unachokitaka, na keti na baba mzungumze juu ya majina. Tuombeane.