Mchaichai: Uujue Kabla ya Kuupanda



Mchicha ukipandwa vibaya, hasara yake ni ya majuma machache. Mtu hung'oa na kupanda upya. Mmea wa kudumu si hivyo. Ukikosea katika kuuchagua, utakaa na kosa lako miaka mitatu au minne, nao utakula samadi yako bure. Kwa hiyo naona si vema mtu kupokea shina la mchaichai kwa kila ampaye bila kulichungua kwanza.

Iko nyasi nyingine ya jamii hiyo hiyo, ifananayo nao sana, ambayo mafuta yake hutumika kufukuzia mbu. Hiyo si ya kutia katika birika. Tazama chini ya mashina: ya mchaichai wa kweli ni meupe au ya kijani hafifu, na ya ile nyingine yana wekundu. Kisha fikicha jani. Mchaichai hunukia limau. Ile nyingine hutoa harufu kali mithili ya sabuni. Ukiwa na shaka, usiupande wala usiunywe.

Usingojee mbegu, maana mchaichai wa bustanini hutoa maua kwa nadra sana. Mwanzo wa masika chimbua shina kubwa, ulipasue vipande, kila kipande kiwe na mizizi yake. Punguza majani, kisha panda kwa nafasi ya futi 2 hadi 3, mahali penye jua pasipotuama maji. Baada ya miezi 4 hadi 6 waweza kuvuna. Kata inchi 4 juu ya ardhi, nao utachipua tena. Kila miaka 3 au 4, shina likisongamana na kukauka katikati, lichimbue na kulipasua upya.

Wengi hupanda shina moja karibu na bafu, wakaridhika. Kwa maoni yangu, huko ni kuupunja. Shamba la mteremkoni lahitaji mstari mzima, uliokingama mteremko. Mizizi yake hushika udongo, na majani yaliyozidi hufaa kufunika ardhi. Udongo uliokwisha kuchukuliwa na mvua, nani atakurudishia?

Tena, kuujua mmea ni kujua pia usiloliweza. Wako wanaomnywesha mtoto mwenye homa chai ya mchaichai, wakakaa kungoja. Chai hiyo ni kinywaji chema, lakini haiponyi malaria. Mtoto huyo apelekwe zahanati siku ile ile, apimwe damu. Kukawia kwaweza kumwua.

Basi, mvua zikaribiapo, mwendee jirani mwenye shina la kweli. Fikicha jani lake kwanza, ndipo ushike jembe.