KIDOLE GUMBA CHA MFANYAKAZI

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi twaongeza kwamba hata vidole vinne havimvunji, ikiwa kidole gumba hakipo.

Mkoa wa Tanga umeishi kwa mikono ya watu wake. Tangu mwaka 1893, Dakta Richard Hindorf alipoingiza mkonge, na miche 62 tu ikasalimika safarini, mikono ndiyo iliyokata majani, ikayafunga matita na kuyalisha katika korona, ile mashine iondoayo nyama ya jani na kubakiza singa. Mikono hiyo hiyo husukuma msumeno wa seremala na kuvuta nyavu za mvuvi.

Lakini mashine haina macho, wala baruti ya mvuvi avunjaye sheria haina huruma. Waganga hukadiria kwamba kidole gumba kikipotea, mkono hupungukiwa na kiasi cha asilimia 40 ya kazi yake. Mtu huyo atashikaje panga? Atafungaje kifungo cha shati lake?

Wako wasemao kwamba hayo ni majaliwa, basi. Hatukubaliani nao hata kidogo. Mwaka 1965, huko Japani, Komatsu na Tamai waliunga tena kidole gumba kilichokwisha katika kabisa. Mwaka 1968, huko Uingereza, Cobbett alihamisha kidole kikubwa cha mguu kikawa gumba la mkono.

Tutaambiwa kwamba hayo ni ya nchi tajiri zenye hadubini. Lakini zipo kazi zisizohitaji hadubini. Mpasuaji aweza kufunika jeraha kwa ngozi ya kinena. Aweza kupanua nafasi iliyo kando ya kigutu cha gumba ili kipate kushika. Aweza pia kukihamisha kidole cha shahada, pamoja na mishipa yake, kikakaa mahali pa gumba. Kinachotakiwa ni mpasuaji aliyefunzwa, na mazoezi ya mkono kwa miezi mingi baadaye. Tunayo KCMC huko Moshi tangu mwaka 1971, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili tangu mwaka 1996. Kwa hiyo twaomba elimu ya upasuaji wa mkono ienezwe hata ifike hospitali za mikoa, maana Tanga ni mbali na miji yote miwili, na jeraha halingoji.

Kila shamba na kila karakana nao wajue jambo hili: kipande kilichokatika kisitupwe. Kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe katika mfuko usiopenya maji, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu, kipande chenyewe kisiguse barafu. Kisha kisafirishwe upesi pamoja na mgonjwa.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko ambao mchango wake hutolewa na mwajiri, wala haukatwi katika mshahara. Mwajiri afichaye ajali amnyang'anya mfanyakazi haki yake mara ya pili. Kibarua wa siku naye asisahauliwe.

Hata hivyo fidia si kidole. Jani la mkonge likikatwa, jingine huota, kidole hakioti. Wenye mashine na wazifunike leo, kabla kengele ya zamu haijalia.