Elimu ya Vitu Vidogo na Woga Wetu Mkubwa

Miongoni mwa hoja zitolewazo dhidi ya Kiswahili katika madarasa ya sayansi, ipo moja inayorudiwa kwa utulivu mkubwa, kama kwamba imekwisha kuthibitishwa. Husemwa kuwa kijana wetu hana budi kufundishwa hesabu na fizikia kwa Kiingereza, kwa sababu kesho atakwenda ng'ambo kutafuta elimu ya juu, na elimu ya juu ya dunia ni ya Kiingereza. Naipinga hoja hiyo, wala sitaipinga kwa mapenzi ya lugha, maana mapenzi si ushahidi. Nitaipinga kwa mfano wa elimu iliyo ngeni mno kwetu, nayo ni uhandisi wa vitu vidogo mno, ambao wenyewe huuita mikrotekniki.

Elimu hii hushughulika na vyombo vipimwavyo kwa mikromita, na mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi. Mojawapo ya makao yake mashuhuri ni Uswisi, nchi ya mafundi wa saa. Mwaka 1967 mafundi wa Neuchâtel walikuwa na mifano ya saa ya mkononi iongozwayo na mtetemo wa jiwe la kwatsi. Lakini Wajapani ndio waliotangulia kuiuza, mwezi Desemba 1969, na katika miaka iliyofuata maelfu ya mafundi wa Uswisi walipoteza kazi. Waswisi hawakuutupa ufundi wao kwa aibu. Mwaka 1975 Chuo Kikuu cha Neuchâtel kilianzisha taasisi ya mikrotekniki, na tangu mwaka 2009 taasisi hiyo imo chini ya chuo cha ufundi cha shirikisho kilichoko Lausanne.

Sasa na tuulize: kijana mgeni aendaye Lausanne kusomea shahada ya kwanza ya mikrotekniki hufundishwa kwa lugha gani? Hufundishwa kwa Kifaransa. Akienda Freiburg, Ujerumani, kusomea elimu iyo hiyo katika daraja iyo hiyo, hufundishwa kwa Kijerumani. Hapo hoja ya wapinzani wangu yaanza kuchechemea. Wenye elimu yao hawakuiacha lugha yao mlangoni ili mgeni apate nafasi ya kuingia. Mgeni ndiye ajifunzaye lugha ya mwenyeji.

Watanijibu kwamba shahada ya pili huko hutolewa zaidi kwa Kiingereza. Ni kweli, nami sitaificha. Lakini Mswisi hukifikia Kiingereza akiwa amekwisha kulielewa jambo lenyewe. Hubadili vazi la fikira, si fikira. Sisi twamvika mtoto vazi kabla mwili haujaumbika, kisha twashangaa kuona vazi linatembea tupu.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa nalijua kwa mtu. Kijana mmoja wa Tanga, niliyepata kumfundisha, alikwenda Uswisi kusomea elimu hii. Alikuwa na alama nzuri za hesabu, na Kifaransa alikipata kwa bidii yake mwenyewe. Siku moja mwalimu wake alimwonyesha mlinganyo ubaoni, akamwambia kwa upole, "Nieleze maana yake kwa maneno yako mwenyewe." Kijana aliniandikia: "Mwalimu, niliutambua mlinganyo ule, na jibu nililijua. Lakini nilipotafuta maneno yangu, sikuyakuta. Miaka sita ya sekondari sikupata kuuliza swali hata moja, kwa kuogopa kukosea Kiingereza." Ana lugha tatu, wala hana maneno yake mwenyewe! Mwaka ulipokwisha alirudi nyumbani. Simlaumu yeye, wala siwalaumu waliompokea. Nawalaumu tuliomtuma, nami ni mmoja wao.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kubeba elimu kama hiyo. Na tujaribu basi. Ndani ya simu mna chombo cha kutambua mwendo: kipande kidogo cha silikoni kilichoning'inizwa kwa springi. Simu ikisukumwa ghafla, kipande hicho hubaki nyuma kidogo, kama abiria aliyesimama katika daladala iondokapo. Nafasi kati ya meno yake na meno yaliyoshikizwa kandoni hubadilika, na badiliko hilo hupimwa kwa umeme. Chombo hicho hutengenezwaje? Fundi wa batiki hufunika kwa nta mahali asipotaka rangi ipite. Fundi wa silikoni hupaka utando ubadilikao kwa mwanga, akaumulika kwa kupitia kiolezo, akauosha palipolainika. Kisha tindikali au gesi hula pale palipoachwa wazi tu.

Na sheria yake je? Punguza urefu wa kitu mara 10 kila upande: uso wake hupungua mara 100, na uzito wake mara 1,000. Kwa hiyo kitu kikizidi kuwa kidogo, nguvu za uso hushinda uzito. Ndiyo sababu mdudu hutembea juu ya maji asizame, na ndiyo sababu vipande vya mashine ndogo hunatana ovyo visipoundwa kwa hadhari. Ni neno gani hapo lililokosekana? Silikoni na springi tumekopa, kama Waingereza walivyokopa kwa Wagiriki na Warumi. Isitoshe, lugha yetu ina ngeli nzima ya kudogosha vitu: gurudumu huwa kigurudumu, boriti huwa kijiboriti. Huko Kariakoo mafundi wa simu huinamia vioo vya kukuzia vitu, wakaelezana kasoro za saketi kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni. Fundi amekwisha kuvuka. Mwanachuoni angali ukingoni akibishana juu ya kina cha maji.

Sisemi kwamba Kiingereza kifukuzwe. Kifundishwe, tena kwa ubora kuliko sasa, na walimu wa lugha waliohitimu. Lakini kiwe somo, kisiwe kizibo cha masomo mengine. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 katika Tanzania ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote; hata leo sekondari zetu hufundisha sayansi kwa Kiingereza. Tamko bila vitabu ni ahadi ya mlevi.

Tena milango ya wenyeji haikai wazi milele. Tangu muhula wa vuli wa mwaka 2025, mgeni aendaye Uswisi kwa ajili ya masomo katika vyuo vya shirikisho vya Zurich na Lausanne hutozwa faranga 2,190 kwa muhula, mara tatu ya 730 za awali. Ni haki yao. Nyumba ni yao. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Basi, wanachuo wenzangu, kila mmoja wetu mwenye shahada ya sayansi na aandike, kabla mwaka huu haujaisha, sura moja ya somo lake kwa Kiswahili ambayo mtoto wa kidato cha kwanza ataielewa. Asiyeweza na ajiulize kwa faragha kama kweli alilielewa somo hilo, au alilikariri tu.