Kabla ya Kupanda Meli ya Starehe, Sema Ukweli

Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo zamani lisingepata nafasi katika ukurasa huu. Siku hizi familia nyingi za parokia zetu zina mtoto anayefanya kazi Ulaya au Marekani. Mtoto huyo akishajiweza hutamani kumpumzisha mzazi wake, na mara nyingine zawadi anayoichagua ni safari ya juma zima katika meli ya starehe. Nia yake ni njema kabisa. Lakini hatuna budi kujiuliza: je, safari hiyo inamfaa mzazi huyo?

Mama mmoja mjane, mwenye umri wa miaka 68, alifika kliniki yetu ya kisukari akiwa na furaha na wasiwasi kwa pamoja. Mwanawe aliyeko Ujerumani alikuwa amemkatia tiketi ya siku saba katika bahari ya Mediteranea. "Mdogo wangu," aliniambia, "mimi naogopa maji tu. Tangu MV Bukoba ilipozama sijakanyaga chombo." Nilimwuliza kama mwanawe anajua kwamba yeye anajichoma insulini kila siku. Alinyamaza kidogo, akashika vizuri khanga yake, kisha akasema: "Akijua atahangaika. Na tiketi ameshalipia."

Maneno hayo ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Wengi wetu katika kanda hii tunaikumbuka tarehe 21 Mei 1996, na hofu ya maji tunaielewa. Lakini kwa maoni yangu, hatari kubwa ya mama yule haikuwa maji. Hatari yake ilikuwa siri.

Meli si hospitali

Kwanza tuelewe meli hizi zilivyo. Ni kama mji mdogo unaoelea. Zilizo kubwa kabisa huchukua abiria zaidi ya 5,000 na wafanyakazi zaidi ya 2,000. Zina vyumba vya kulala, mabwawa ya kuogelea, kumbi za muziki na chakula tele karibu saa zote. Husafiri usiku, na mchana hutia nanga katika bandari mbalimbali ili abiria wateremke kutembea.

Ndani yake mna daktari na wauguzi, na mna chumba cha matibabu. Humo mtu anaweza kupimwa moyo, kutundikiwa dripu, kupewa oksijeni na dawa za dharura. Hiyo ni huduma njema, lakini si hospitali. Kwa kawaida hakuna upasuaji mkubwa wala benki ya damu. Mgonjwa aliyezidiwa hutulizwa mpaka meli ifike bandarini, au achukuliwe kwa helikopta ikiwa pwani haiko mbali na hali ya hewa inaruhusu. Kwa hiyo swali la kwanza si kama meli ni nzuri. Swali ni hili: je, mwili wako unaweza kukaa siku moja au mbili mbali na hospitali kamili?

Jambo jingine ni malipo. Matibabu ya melini hulipiwa, na si kidogo. Usidhani kadi yako ya bima ya hapa nyumbani itapokelewa huko. Anayeomba viza ya nchi za Ulaya zinazotumia viza ya Schengen hutakiwa kuwa na bima ya safari ya angalau yuro 30,000. Bima hiyo isichukuliwe kama karatasi ya ubalozi tu. Someni kama inalipia matibabu melini, kama inalipia kusafirishwa kwa helikopta, na kama inakubali magonjwa uliyokuwa nayo kabla ya kuikata. Hapo ndipo siri huwa ghali. Mgonjwa wa moyo au kisukari aliyejaza fomu kwamba ni mzima anaweza kunyimwa malipo yote siku atakapoyahitaji.

Nani asubiri kwanza?

Kwa uzoefu wa kazi yangu, wafuatao wasiondoke kabla hawajaonana na daktari: aliyepata shambulio la moyo au kiharusi karibuni, aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni, mwenye presha au sukari inayopanda na kushuka ovyo, mwenye pumu inayombana mara kwa mara, na anayehudhuria hospitali kusafishwa figo. Mama mjamzito naye ajue kwamba kampuni nyingi za meli hizi hazimpokei akishafikia juma la 24 la ujauzito kabla safari haijaisha. Watoto wachanga walio chini ya miezi sita nao kwa kawaida hawapokelewi.

Mzee anayesahau njia ya kurudi chumbani kwake nyumbani, tusimtegemee akumbuke njia katika meli yenye ghorofa kumi na zaidi na milango inayofanana. Yeye anahitaji mtu wa kulala naye chumba kimoja.

Tusisahau pia kwamba kabla ya meli kuna ndege. Kukaa kwenye kiti zaidi ya saa nne bila kunyoosha miguu huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Abiria ainuke, atembee, anywe maji.

Maradhi ya mkusanyiko

Pale wanapokula na kulala watu maelfu chini ya paa moja, ugonjwa wa mmoja hufika kwa wengi upesi. Mwezi Februari 2020 meli ya Diamond Princess ilizuiwa katika bandari ya Yokohama, Japani. Kati ya watu 3,711 waliokuwamo, zaidi ya 700 walipatikana na virusi vya korona. Wengi wa abiria wake walikuwa wazee.

Unaotokea mara nyingi zaidi ni ugonjwa wa kutapika na kuhara unaoletwa na virusi vya noro. Kijana hupona kwa siku mbili tatu. Lakini mzee anayekunywa dawa za presha akipungukiwa maji mwilini, figo zake huweza kuumia. Kinga yake ni ile tunayowafundisha watoto: kunawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Ile dawa ya mikono yenye spiriti haiviui vizuri virusi hivi, kwa hiyo isichukue nafasi ya sabuni.

Ama kichefuchefu cha baharini, si aibu wala si ugonjwa mkubwa. Chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, hutikisika kidogo kuliko vingine. Vidonge vya kuzuia kutapika vinywewe mapema, lakini vingi huleta usingizi, na mzee mwenye presha ya macho au shida ya kukojoa aulize kwanza daktari.

Na kwa wale wenye hofu ya ajali: hofu yenu iwape uangalifu. Meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walipoteza maisha. Baadhi ya abiria waliopanda siku ileile walikuwa hawajafanyiwa zoezi la kujiokoa. Siku hizi sheria inataka zoezi hilo lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka. Usilikimbie. Jifunze boya lako liko wapi na unakusanyika wapi.

Ukiamua kwenda

Sipingi safari hizi. Namjua mwalimu mmoja mstaafu mwenye presha aliyekwenda na kurudi salama, tena akiwa amenenepa kidogo! Alianza kujiandaa miezi mitatu kabla. Presha yake ilikuwa imetulia. Alibeba barua ya daktari yenye majina ya dawa zake, na dawa za kutosha siku zote za safari pamoja na za juma moja la ziada. Alizibeba katika mkoba wa mkononi, kwa sababu mizigo mikubwa huchukuliwa na wapagazi bandarini na huweza kukufikia baada ya saa nyingi. Mwenye insulini ndiye hasa asiiweke katika mizigo ya chini ya ndege, maana inaweza kuganda na kuharibika. Mwalimu yule aliniambia kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuiacha meza ya vyakula vya chumvi na keki huku wenzake wakijaza sahani.

Wazazi wenzangu, tuna desturi ya kuwaficha watoto walio mbali maradhi yetu. Tunasema "sijambo" katika simu huku tumelala na homa. Tunaita huo upendo. Lakini mtoto asiyejua hali yako atakununulia zawadi inayoweza kukudhuru, na siku ya dharura, mbele ya daktari wa kigeni, atashindwa kujibu hata swali moja juu yako. Nanyi watoto mlioko ugenini, msianze na tiketi. Anzeni kwa kuuliza: "Mama, unatumia dawa gani? Ulipimwa lini?" Kisha mwacheni aseme "hapana" bila kumwona hana shukrani.

Yule mama alimpigia mwanawe simu juma lilelile. Mtoto alikaa kimya kwa muda mrefu, akauliza kwa nini hakuambiwa tangu mwanzo. Meli iliondoka bila mama, na sehemu ya fedha haikurudi. Mwezi Desemba mwanawe alikuja nyumbani likizo. Asubuhi moja aliketi kwenye benchi la kliniki yetu, kati ya wagonjwa, amepakata kadi ya mama yake, akingoja jina liitwe. Alitaka kujifunza jinsi insulini inavyotunzwa na sukari inavyopimwa.

Kama mwakani sukari yake itakuwa imetulia, watazungumza tena habari ya meli. Safari hii watazungumza watatu: mama, mwanawe na daktari.