Jiko la mkaa lisilale chumbani

Ndugu Mhariri,

Kila Juni na Julai, baridi ya Njombe na Makete inapokaza, baadhi ya wananchi huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha na kulala. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haionekani wala hainuki. Huua watu usingizini.

Wenzetu wa Finland hujenga majiko ya kuni ya jiwe la sabuni, yenye mlango na dohani. Kuni huwaka saa chache tu, jiwe likaendelea kutoa joto usiku, moto umekwisha. Jiko hilo ni zito, huhitaji msingi imara.

Sisi tunaojenga sasa tuweke dohani, hata ya matofali ya kuchoma. Mafundi, tushaurini mapema kabla ya kuezeka.

Mwananchi,
Njombe.