Spea Kwanza, Nembo Baadaye

Wasee, kila nikiposti pikapu mpya, komenti ni zilezile: "Hiyo ni Ford imebadilishwa jina tu." Sawa. Amarok mpya na Ford Ranger zimejengwa kwa msingi mmoja, na zinaundwa kiwanda kimoja, Silverton, Afrika Kusini. Mazda BT-50 nayo ukiivua bodi ni Isuzu D-Max. Nyinyi mnaona ni aibu. Mimi niko Liboi, na naona ni faida.

Msingi ni ile fremu ya chini na vitu vinavyofungwa juu yake. Kuunda mpya kila mara ni pesa nyingi, kwa hivyo kampuni inaunda mmoja na kuuvalisha bodi tofauti. Toyota walifanya hivyo 2004 na Hilux, Fortuner na Innova. Kwa dereva anayetoka hapa kwenda Dadaab kwa ule mchanga, maana yake ni kwamba spea nyingi zinaingiliana. Hii si hadithi ya maduka ya magari. Ndani ya hiyo gari anaweza kuwa mama anakimbizwa hospitali.

Lakini mkishiriki mwili, mnashiriki na ugonjwa. Tundra, ile pikapu kubwa ya Wamarekani, iko kwa msingi wa TNGA-F pamoja na Lexus LX na Land Cruiser 300. Mwaka 2024 Toyota ikaita Tundra na LX karibu 102,000 huko Marekani, kwa sababu ya mabaki ya kiwandani ndani ya injini. Mmarekani anarudisha kwa dila. Sisi tutarudisha wapi?

Ndio maana wazee hawaachi Land Cruiser ya 70, iliyotoka 1984, na pikapu yake bado inaunganishwa Mombasa. Ile yenye injini ya 1HZ fundi anaifungua kwa spana, bila kompyuta. Walahi, si ushamba.

Kwa hivyo msimamo wangu: msingi wa pamoja ni poa, lakini usiishie kwa mabosi wa viwanda. Wauze pia mashine za kusoma makosa kwa bei ya fundi wa kawaida, na wafunze vijana wa huku kuzitumia. Mimi niliacha chuo, lakini hiyo kozi ningeingia kesho.

Na wewe unayenunua, uliza spea kwanza. Kwenu mnaendesha gani, na ikikwama njiani nani anaitengeneza?